GitHub sawa, lakini anwani iwe yenu

Miradi ya programu huria haiishiwi na ubishi huu: tubaki GitHub, tovuti kubwa ya kuhifadhia kodi (maandishi ya programu) na kuifanyia kazi pamoja, au tuhamie Codeberg, tovuti nyingine ya aina hiyo? Mwishoni mwa 2025 watu wa Zig, lugha ya kuandikia programu, walihama. GNOME, wanaotengeneza eneo-kazi la kompyuta za mfumo wa Linux, walishajifungulia seva yao ya GitLab (programu inayofanya kazi kama ya GitHub) tangu 2018, mwaka uleule Microsoft ilipotangaza kuinunua GitHub kwa dola bilioni 7.5. Mimi naona wengi wanagombania fito.

Kodi yenyewe haina shida. Kwa kawaida kila aliyenakili hazina (ghala la kodi ya mradi) ya Git, mfumo wa kutunza matoleo unaotumiwa na tovuti hizi, ana historia nzima kwenye kompyuta yake. Seva ikiungua leo, kesho yeyote kati yenu anaipandisha kwingine. Kazi ipo kwenye ripoti za hitilafu, mijadala ya miaka nenda rudi, na zaidi ya yote, anwani.

Tazama Go, lugha nyingine ya programu. Moduli (kifurushi cha kodi ambacho wengine hukitumia) huitwa kwa anwani yake, kwa hiyo ndani ya kodi ya kila anayeitumia pameandikwa github.com/fulani/mradi. Mkitaka kubadilisha jina hilo, mnawasumbua watu msiowajua, faili kwa faili. Ilhali Go inakubali kikoa (jina la tovuti) chenu wenyewe: mnaweka ukurasa mdogo wenye mstari wa go-import unaoelekeza hazina ilipo. Mkihama, mnagusa mstari huo tu, basi.

Na msiniambie GitHub ni kubwa mno kiasi cha kutoweza kuwaangusha. Google Code, tovuti kama hiyo, ilikuwa ya Google, na ikafungwa Januari 2016. Julai 2019 wasanidi wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa hazina zao za faragha GitHub kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kosa lao? Wanakoishi.

Hata hivyo, mradi wa watu watatu usihangaike na seva. Nani ataamka usiku wa manane kuiwekea viraka? Wabaki GitHub, ambako wachangiaji tayari wana akaunti, waweke nakala Codeberg, na watangaze anwani ya kikoa chao. Mradi mkubwa wenye taasisi nyuma yake hauna udhuru: hazina kuu ya Linux iko git.kernel.org, ile ya GitHub ni nakala tu.

Na hicho kikoa kisajiliwe kwa jina la mradi, si la kijana mmoja aliyekilipia kwa kadi yake.