Si kila kaseti ya harusini ni ya wizi

Waimbaji wa taarab wa pwani ya Kenya wanatutoka: Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein l'Abdin akamfuata 2016. Sauti zao za jukwaani sasa zimo zaidi kwenye kaseti zilizorekodiwa harusini, zilizojaa makabatini kuanzia Mombasa na Lamu hadi Muscat. Je, hizo ni hazina au mali ya wizi?

Wanaosema wizi wana hoja nzito. Mwimbaji aliishi kwa malipo ya mwenye harusi na tunza za usiku ule. Mtu akitega redio kaseti karibu na spika, nakala ikafika dukani na kuzalishwa, aliyeimba hadi alfajiri hakuona hata shilingi. Mtunzi alisahaulika zaidi: mashairi mengi aliyoyaimba Bhalo ni ya Ahmad Nassir, lakini lebo ya kaseti ilimtaja mwimbaji tu. Kuna pia sitara. Shughuli za wanawake peke yao zilirekodiwa, na sauti zisizokusudiwa wanaume zikaishia kwenye redio za madereva. Jambo hilo linaniuma kuliko suala la pesa.

Hata hivyo, bila kaseti hizo tungebaki na nini? Santuri za zamani, kama zile za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Harusini wimbo haukupimwa kwa saa. Udi, ile ala ya nyuzi, ulipewa nafasi ya kutafuta njia kabla mwimbaji hajaingia, na ubeti ulirudiwa kadiri watu walivyopanda kutunza. Kaseti ya dakika 90 ilimeza yote hayo, pamoja na vigelegele, ambavyo kwangu ni sehemu ya wimbo.

Kule Marekani, kundi la muziki wa roki la Grateful Dead mwaka 1984 liliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini, kwa sharti kwamba kanda wabadilishane, wasiuze. Wanamuziki hao nao walikula kwa jukwaa, kama waimbaji wetu. Mpaka wangu uko hapo hapo: aliyerekodi kwa mapenzi simhesabu mwizi, aliyezalisha na kuuza bila kumlipa msanii ndiye aliyedhulumu. Na chaneli ya YouTube inayopachika kaseti hizo na kuvuna pesa za matangazo ni duka lile lile.

Mabishano yasitucheleweshe, kwa maana joto na unyevu wa pwani havisubiri. Utepe huota ukungu, hunata, na kila nakala ya nakala huongeza mvumo na kuifukia sauti. Mwenye kaseti aihamishie kwenye kompyuta kutoka kanda ya asili, aandike harusi ya wapi, mwaka gani, nani alipiga udi, shairi la nani. Kabla ya kuiweka hadharani, abishe hodi kwa familia za mwimbaji na mtunzi. Za shughuli za wanawake zibaki kwa wanawake.

Ninayo moja iliyoandikwa "Bhalo, Kibokoni", yaani mtaa wa Mombasa, bila mwaka. Wanaoweza kunitajia mwaka huo sasa ni wazee, na nitaanza kuwauliza wiki hii.