Pini hizi tusiziite za Kirumi tu

Kila nikiona picha ya zile pini za umbo la joka kutoka kaskazini mwa Britania, na chini yake maneno mawili tu, "pini ya Kirumi", moyo wangu unakataa. Itazame pini yenyewe. Mwili umepinda kama herufi S, kila ncha ina kichwa cha mnyama mwenye sikio kubwa na pua iliyojikunja, na katikati kumejaa rangi. Nyingi zimeokotwa kaskazini mwa Uingereza na kusini mwa Uskoti ya leo. Wenyeji wa huko walibania nguo kwa pini hizi katika karne ya 1 na ya 2, wakati majeshi ya Roma yakijenga ngome ardhini mwao.

Rangi hiyo ni enameli, jamaa ya ile ya sahani zetu za bati zenye ukingo wa buluu. Fundi aliacha vishimo kwenye shaba, akavijaza unga wa kioo, akachoma mpaka kioo kikayeyuka na kushikana na shaba, kisha akasugua uso ukawa laini. Wabritoni walikuwa mabingwa wa enameli nyekundu kabla Roma haijawavamia mwaka 43. Sikatai kwamba baada ya hapo rangi ziliongezeka: buluu, kijani, njano. Lakini ufundi Roma iliukuta. Philostratus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 3, anasimulia kwamba wanaomimina rangi juu ya shaba ya moto ni washenzi wakaao kwenye Bahari Kuu, ndiko iliko Britania. Aliwaita washenzi, na bado kazi akakiri ni yao.

Kuna pia kibakuli cha karne ya 2 kilichopatikana Staffordshire, Uingereza, mwaka 2003, upana wake kama sentimita 9. Chini ya ukingo yamezungushwa kwa Kilatini majina ya ngome nne za upande wa magharibi wa Ukuta wa Hadrian, ule ambao Roma iliujenga kukata kaskazini mwa Britania. Chini ya majina hayo zinazunguka nakshi za Kikelti, mtindo wa wenyeji, duara baada ya duara, nyekundu, buluu na njano. Dola iliandika juu, mwenyeji akajaza sehemu yote iliyobaki.

Miongoni mwa maneno ya Kilatini ya kibakuli hicho lipo Draconis, yaani "ya Draco". Wengine husema ndiye aliyekuwa mwenye kibakuli, wengine kwamba ni kazi ya mkono wake. Mimi natamani awe fundi.