Mizinga ndani ya ndege ya mizigo

Aliyewahi kumwona mwewe akizunguka juu ya vifaranga ameshaielewa AC-130. Wamarekani waliichukua C-130, ndege ya kubebea mizigo, wakaitoboa ubavu wa kushoto na kuchomoza mizinga; mkubwa wao, wa milimita 105, asili yake ni silaha ya nchi kavu. Rubani huilaza ndege kushoto na kuzunguka, midomo ya mizinga ikibaki imeelekea palepale. Mtindo huo waliujaribu Vietnam mwaka 1964 kwa C-47, ndege kuukuu ya mizigo, AC-130 ikafuata 1967. (Wanamgambo wa Somalia nao hufunga bunduki nzito juu ya pikapu. Wazo ni lilelile, mifuko ndiyo haifanani.)

Wanaoitetea wana hoja nzito. Ndege ya jeti hupita mbio, ikaangusha bomu, ikaenda zake. Hii hukaa juu saa nyingi usiku, ikipiga karibu kabisa na askari wake waliozingirwa bila kuwadhuru. Kwa askari hao, hakuna mjadala.

Wapinzani hupenda kutaja uzito na mwendo wake wa pole. Kweli, Januari 31, 1991, moja ilichelewa kuondoka Khafji, Saudi Arabia, kukapambazuka, ikatunguliwa na wote 14 wakafa. Lakini hiyo ni hatari waliyoikubali wenyewe.

Mimi kinachonisumbua ni Kunduz, Afghanistan, Oktoba 3, 2015. Vipimo vya mahali walivyopewa marubani wa AC-130 viliwaonyesha uwanja mtupu. Wakatafuta kwa macho jengo linalofanana na maelezo ya shabaha yao, wakalipata: hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka. Watu 42 walikufa. Mizinga ilipiga pale pale ilipoelekezwa, na kadiri ndege inavyoweza kukaa juu ya kosa, ndivyo kosa linavyokamilika.

Kwetu Afrika Mashariki kuna Ras Kamboni, Somalia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kenya. Januari 2007 AC-130 ilishambulia eneo hilo ikiwasaka washukiwa wa al-Qaeda waliohusishwa na milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998. Zikavuma habari kwamba Fazul Abdullah Mohammed, mmoja wa washukiwa hao, ameuawa. Hakuuawa. Alikuja kufa Juni 2011 Mogadishu, gari lake lilipofika kwenye kizuizi cha askari wa serikali, ambao wakati wanafyatua risasi hata hawakujua ni nani.