Asilimia ya Ufaulu Haitoshi Kuipima Shule ya Msingi

Kila mwaka majimbo ya Marekani hutangaza matokeo ya shule zake za msingi za umma, na kwa kila shule huonyeshwa mambo mawili: asilimia ya wanafunzi waliofikia kiwango kinachotakiwa katika kusoma na hisabati, na mchanganuo wa wanafunzi hao kwa rangi na asili, kipato cha familia, ulemavu na lugha. Wazazi wengi huitazama asilimia ya ufaulu, wakailinganisha na ya shule ya jirani, kisha wakaamua mtoto asome wapi na hata familia ipange nyumba mtaa gani. Naamini kwamba usomaji wa namna hiyo huwadhulumu walimu wengi hodari na huzipa shule nyingine sifa zisizostahili, kwa sababu asilimia hiyo hueleza zaidi watoto walivyokuwa walipoandikishwa kuliko walivyofundishwa.

Hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyoagizwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Walikuwa wamekusanya taarifa za wanafunzi wapatao 600,000, wakaona kwamba tofauti za ufaulu zilihusiana zaidi na hali za familia kuliko vifaa na majengo ya shule. Wapo waliohitimisha kutokana na ripoti hiyo kwamba shule haina uwezo wa kubadili lolote, na hapo ndipo ninapoachana nao. Alama anayopata mtoto siku ya mtihani ni jumla ya yote yaliyompata tangu kuzaliwa: mazungumzo ya nyumbani, vitabu, afya, usingizi, na mara ngapi familia imelazimika kuhama kwa kushindwa kodi. Shule ni sehemu moja ya jumla hiyo, na ili kuijua sehemu yake hatuna budi kuuliza mtoto alianzia wapi na amefika wapi.

Sheria ya shirikisho inadai mitihani ya kila mwaka ya kusoma na hisabati kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Kwa hiyo shule inayoanzia chekechea na kuishia darasa la tano hupimwa kwa madarasa yake matatu ya juu tu, na mwalimu wa darasa la kwanza, anayemfundisha mtoto kuunganisha sauti na herufi, haonekani popote katika matokeo hayo. Zaidi ya hayo, asilimia ya ufaulu huhesabu tu waliovuka mstari. Mtoto aliyeanza darasa la nne akisoma kwa kiwango cha kuanza darasa la pili, akamaliza mwaka akiwa amekamilisha kiwango cha darasa la tatu, amepiga hatua ya miaka miwili ndani ya mwaka mmoja, lakini katika hesabu hiyo bado ni mtoto aliyeshindwa.

Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford amelinganisha alama za mitihani za wilaya za shule nchini kote, akaonyesha kwamba wastani wa alama hufuatana sana na kipato cha familia, ilhali kasi ya maendeleo ya watoto hufuatana nacho kwa kiasi kidogo tu. Katika matokeo ya miaka ya 2009 hadi 2014, wanafunzi wa Chicago, wengi wao wa familia maskini, walipiga hatua ya takribani miaka 6 ya masomo katika miaka 5, kutoka darasa la tatu hadi la nane. Mzazi aliyetazama wastani peke yake angewakimbia walimu waliokuwa wakifanya kazi hiyo.

Makundi yenyewe nayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, hasa kundi la watoto wanaojifunza Kiingereza, ambalo linatuhusu sisi wazungumzaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mtoto huingizwa humo kwa kuwa hajaimudu lugha, na akishaimudu huondolewa, huku nafasi yake ikichukuliwa na mgeni aliyefika karibuni. Kundi linaloachwa na kila anayefanikiwa haliwezi kuonyesha ufaulu mkubwa, hata shule ifanye kazi nzuri namna gani. Sheria ya mwaka 2015 iliruhusu majimbo kuwahesabu watoto hao humo kwa hadi miaka 4 baada ya kuimudu lugha, jambo linalopunguza upotofu huo bila kuuondoa. Upande wa rangi, mtoto wa mkimbizi kutoka Kongo huhesabiwa pamoja na mtoto ambaye ukoo wake umeishi Marekani kwa karne nyingi, ingawa mahitaji yao darasani hayafanani.

Kipimo cha umaskini kina udhaifu pia. Kwa miaka mingi kimekuwa idadi ya watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, yaani wa familia ambazo kipato chao hakizidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini. Siku hizi shule nyingi za maeneo maskini huwalisha wanafunzi wote bure bila fomu za kipato, mpango ninaouunga mkono kwa moyo wote, lakini pale jimbo linapomhesabu kila anayekula bure kuwa maskini, takwimu hiyo hupoteza maana.

Pamoja na kasoro hizi, singependa mchanganuo wa makundi ufutwe. Sheria iliyotiwa saini Januari 2002 ilizilazimisha shule kutangaza matokeo ya kila kundi, na kabla yake wastani mzuri uliweza kuficha watoto weusi au wenye ulemavu waliokuwa wakiachwa nyuma mwaka baada ya mwaka. Lengo lake kwamba kila mtoto afikie kiwango ifikapo 2014 halikutimia. Hata hivyo, uwazi ulioletwa na sheria hiyo ulikuwa wa haki. Ninachopinga ni mwalimu mkuu kuutumia umaskini wa wanafunzi kama utetezi, sawa na ninavyopinga shule ya watoto wa matajiri kujivunia alama walizokuja nazo kutoka nyumbani.

Majimbo yaweke maendeleo ya mwanafunzi na mahudhurio mbele ya asilimia ya ufaulu katika taarifa zao. Na kwa kuwa matokeo ya makundi madogo hufichwa ili kulinda faragha ya watoto, mzazi ana haki ya kwenda shuleni na kumwuliza mwalimu mkuu, bila kutaja majina, ni wangapi kati ya waliokuwa chini ya kiwango wakiwa darasa la tatu wamekifikia sasa wakiwa la tano, na shule inawafanyia nini waliobaki.