Kapasita zinazovuja zitatuua jamani

Hivi hizi kapasita ndogo (vile vidude vya kutunza umeme) za kubandikwa juu ya bodi za kompyuta za zamani zina nini na sisi? Unafungua kompyuta ya Macintosh SE/30 ya 1989, kwa macho iko poa kabisa, kumbe maji ya kapasita yalishavuja zamani na yanakula shaba kimyakimya, ukigusa tu na moto wa kuchomelea harufu ya samaki nyumba nzima, risasi ya kuchomelea imekuwa ya kijivu na haitaki kuyeyuka, halafu pedi, kile kipande cha shaba kapasita inapochomelewa, inanyanyuka! Sasa pedi ikishang'oka unachomelea wapi, hewani? Kompyuta ya Amiga 1200 nayo hivyohivyo. Na nyie wauzaji wa hizi kompyuta, kwa nini mnaandika "haijawahi kuguswa" kama sifa? Haijaguswa ndo inaoza! Zing'oeni mapema, osheni bodi, wekeni za madini ya tantala zisizo na maji ndani, na upande wa chanya uangalieni mara mia maana ukigeuza inaweza kuwaka moto!