Ng'ombe wa Njoro Naye Apigwe Skani

Wiki jana, huku kwetu Njoro, jirani yangu alimuuza ng'ombe wake kwa broka kwa sababu "hashiki". Fresia mzuri, kiwele cha kuvutia. Alikuwa amepandishwa mara kadhaa kwa mbegu za fahali wenye majina marefu kuliko ya maaskofu. Baada ya mara ya mwisho kijana wa mbegu alikuja mapema mno, akaingiza mkono, akasema hamna kitu. Baadaye ng'ombe akaonekana kama yuko joto tena, na mzee akachoka. Jioni ya siku ya kuuza, mchinjaji akapiga simu: "Mzee, hii ng'ombe yako ilikuwa na ndama."

Ndama mwenye kwato tayari.

Sina ugomvi na mchinjaji, wala na mzee. Ng'ombe wachache huonyesha dalili za joto hata wakiwa na mimba, na mzee hana macho ya kuona ndani. Mashine ya kuona ndani iko: altrasaundi, yaani skani, inayotumia mawimbi ya sauti. Agosti 2019, pale hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta, kaunti ya jirani ya Laikipia, wataalamu waliwatoa Najin na Fatu mayai 10, sindano ikiongozwa na altrasaundi kupitia njia ya haja kubwa. Hao ni vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani, na mnyama wa namna hiyo ana uzani wa zaidi ya tani moja. Kwa hiyo msiniambie teknolojia haijafika. Imefika hadi Laikipia, kuja Njoro ndiko kumeishinda. Hata omena wa Ziwa Victoria wamekadiriwa wingi wao kwa mawimbi ya sauti yaliyoshushwa majini kutoka kwenye meli. Omena!

Nimewahi kuona kazi hiyo ikifanywa kwenye shamba moja kubwa. Daktari alivaa glovu hadi begani, akatoa kinyesi kwanza, kisha akaingiza kichwa cha mashine kisichozidi kidole gumba kwa unene. Kwenye kioo, maji ya mimba yalikuwa doa jeusi. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kijivu, na katikati ya hicho kijivu kitu kikipepesa haraka haraka. Moyo. Mimba ilikuwa ya karibu mwezi mmoja. Kwa mkono, wengi husubiri hadi miezi miwili au zaidi ndipo waseme kwa uhakika. Ng'ombe hurudi joto kila siku 21 hivi, basi piga hesabu mwenyewe ni nafasi ngapi za kumpandisha zinapotea huku ukimnunulia dairy meal.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni ile sindano ya kuleta joto. Ng'ombe haonyeshi joto, mtu anakuja na pikipiki, anadunga, analipwa, anaondoka. Sasa, ng'ombe anaweza kunyamaza kwa sababu tumbo la uzazi limejaa usaha, na hapo sindano hiyo ni dawa hasa. Anaweza pia kunyamaza kwa sababu ana mimba ya fahali aliyeruka ua, na hapo sindano ileile inaitoa mimba. Kwa nje wote wawili wanafanana: wametulia, wanacheua, hawapandi wenzao. Kwenye skani usaha una vumbivumbi la kijivu linaloelea, na mimba changa ina maji meusi safi na huo moyo. Tunadunga kwa kukisia, halafu tunamlaumu fisi aliyelia usiku.

Sawa, nakubali shingo upande: mkono mzoefu unafanya kazi nzuri, na mimba iliyoonekana mwezi wa kwanza inaweza kutoka, kwa hiyo lazima apimwe tena. Mashine nayo ni ghali, na mikononi mwa asiyefundishwa ni televisheni mbovu tu. Ndiyo maana sisemi kila mkulima anunue.

(Na wewe uliyenunua kile kidude cha kufukuza mbu kwa altrasaundi pale Kisumu: majaribio hayakuona kikipunguza kuumwa. Mbu hana habari nacho. Rudi kwenye neti.)

Ninachotaka ni mashine moja ya kubebeka kwa kila chama cha ushirika, na daktari mwenye ratiba inayojulikana: Jumatatu Njoro, Jumanne Mauche, Jumatano Elburgon. Kaunti zinazoweza kukodi mahema na spika kugawa vifaranga haziwezi kusema hili limewashinda. Na kama tatizo ni nani atalipa, maziwa yangu tayari yanakatwa ya usafiri, ya chumvi, ya dairy meal na ya soda za mkutano mkuu. Kateni na ya skani. Hiyo pekee sitakuja ofisini kuulizia.