Malthus hakumjua jirani yangu
Leo tena kwenye steji hapa Nakuru, mgombea mmoja kapanda gari la vipaza sauti, akilisema kabila jingine: "Wasomi wameshathibitisha! Wao wanazaa, nyinyi mmelala. Ardhi yenu itaisha!" Wasomi gani, ndugu yangu?

Ninajua alikoiokota. Ni Thomas Malthus, yule Mwingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula. Watu, jamani! Hakutaja kabila, hakutaja kura, na Molo wala Njoro, miji yetu ya hapa Nakuru, hakuijua. Hata hiyo hofu yake haikutimia alivyodhani. Mbolea na mbegu bora ziliingia kati. Kenya yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto 8 hivi. Utafiti wa 2022 ukapata 3.4. Sasa hao "wao" wanazaa saa ngapi?

Aliyeniuma roho ni mama anayechoma mahindi pale. Alininong'onezea, "Kumbe ni sayansi, mwanangu." Mama huyuhuyu Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, alilala kanisani na watoto, akikimbia maneno ya namna hii hii. Mgombea akashuka, akapandisha kioo, akaondoka. Mahindi yangu yakawa yameshaungua.